Chungu cheusi cha kufinyanga kwa mkono: mwongozo kamili, kuanzia udongo hadi ukumbi wa maonyesho

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea michoro ya matangazo, na huko udongo ukamteka. Leo vyungu vyake vimo British Museum ya London na Metropolitan Museum ya New York, na mwaka 2022 vilionyeshwa kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa kule Italia. Ukivitazama unaona havikupita kwenye gurudumu la mfinyanzi wala havina glezi, ule mpako unaogeuka kioo motoni. Vimejengwa kwa mkono, vikakwanguliwa, vikasuguliwa mpaka vikang'aa, kisha vikachomwa. Na vile vyeusi vimerudishwa motoni mara ya pili ndani ya moshi.

Mbinu hizo alizifuata kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Abuja ya zamani, Nigeria, mji unaoitwa Suleja siku hizi, kwenye kituo cha ufinyanzi alichokianzisha mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew, akajifunza kwa akina mama wa Kigwari, akiwemo mfinyanzi mashuhuri Ladi Kwali. Baadaye akaenda New Mexico, Marekani, kuona vyungu vyeusi vya San Ildefonso, kijiji cha mfinyanzi Maria Martinez. Na huku kwetu ujuzi wa namna hiyo upo tangu zamani: Wakisi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, akina mama wa Usangi kule Upareni, na wafinyanzi wa kifalme wa Buganda na Bunyoro waliotengeneza vyombo vyembamba vyeusi vinavyong'aa, vyenye umbo la kibuyu.

Nasema haya mapema kwa sababu vijana wengi wanaotaka kuingia kwenye sanaa ya udongo hudhani lazima kwanza waukimbie ufundi wa bibi zao. Wananunua rangi ya mafuta na vanishi, wanapaka chungu kizuri mpaka kinafanana na plastiki. Njia ni kinyume chake. Mikono ni ileile na moto ni uleule. Kinachoongezeka ni umbo lililoamuliwa kwa makusudi, na subira ya kulifikisha mwisho bila kukata kona.

Mwongozo huu ni wa chungu kimoja cheusi, cha kupamba, chenye kimo cha sentimita 30 hivi. Andaa kilo 8 za udongo uliokwisha kukandwa, na usipange kukimaliza wiki hii. Udongo peke yake unataka nusu mwezi wa kulala, na kukauka kunataka muda kama huo au zaidi.

Udongo

Ukiwa karibu na wafinyanzi, nunua kwao au waombe wakuonyeshe wanakochimba. Wao wameshafanya majaribio ya vizazi. Ukichimba mwenyewe, tafuta mabondeni au kingo za mito, chini ya tabaka la juu lenye mizizi.

Ujaribu kwa njia tatu. Kwanza, viringisha kamba nene kama penseli uizungushe kwenye kidole. Ikipasuka vibaya, udongo huo hauna mnato wa kutosha. Pili, tengeneza bapa, lichore mstari wa sentimita 10, uliache likauke kabisa, kisha pima tena. Mstari ukishuka chini ya sentimita 9, udongo unanywea mno na chungu chako kitapasuka kikikauka, kwa hiyo utahitaji kuuongezea unga wa vigae. Tatu, dondoshea udongo mkavu matone ya siki au maji ya limau. Ukitoa povu, una chokaa. Vipande vya chokaa vikishachomwa hunyonya unyevu wa hewani, vinavimba, na vinabandua vigamba kwenye uso wa chungu, pengine wiki kadhaa baada ya kazi kumalizika. Udongo wa namna hiyo uache.

Udongo uliofaulu uanike, uuponde, uuloweke siku mbili tatu, kisha upitishe ukiwa kama uji kwenye chekeche la unga. Umwage juu ya shuka kuukuu lililotandikwa kwenye matofali makavu, yanywe maji yake. Kisha changanya unga wa vigae: vyungu vilivyovunjika au matofali ya kuchoma, vikatwangwa na kuchekechwa. Kikombe kimoja cha unga kwa kila vikombe vinne vya udongo kinatosha. Unga huo umekwisha pita motoni, kwa hiyo haunywei tena. Unashikilia kuta na kuacha njia za mvuke kutoka. Uwe laini, maana punje kubwa zitakwaruza uso wakati wa kusugua. Kutwanga na kuchekecha fanyia nje, ukiwa umefunika pua na mdomo kwa barakoa nzuri. Vumbi la udongo lina silika, na mapafu hayaitoi. Meza na sakafu futa kwa kitambaa kibichi, usifagie.

Funga udongo kwenye mfuko wa plastiki, uulaze wiki mbili au zaidi. Ukiutoa utakuta una harufu ya tope bovu na unavutika vizuri kuliko mwanzo. Ukande kwa nguvu, ukate katikati kwa waya, utazame: vishimo vya hewa vikionekana, endelea kukanda.

Umbo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi hupita mbio.

Kabla hujagusa udongo, chora. Usichore chungu kizima chenye vivuli. Chora mstari wa upande mmoja tu, kutoka kitakoni hadi mdomoni. Chora mingi, ubandike ukutani, ukae nayo siku kadhaa. Mstari mbovu utauchoka haraka. Mstari mzuri utakuwa unaurudia kwa macho hata ukiwa na shughuli nyingine.

Amua mambo machache. Tumbo liwe pana zaidi wapi? Likiwa chini, chungu kinatulia, kinakaa kama mtu aliyeketi. Likipanda juu, kuelekea mabegani, chungu kinapata pumzi na kuonekana kimejiinua. Kitako kiwe chembamba kiasi gani? Chungu cha kupikia hukaa juu ya mafiga, kwa hiyo tumbo la mviringo linamfaa mpishi. Chako kitasimama mezani, na kitako kidogo chini ya tumbo kubwa kinaleta wasiwasi fulani mzuri, kana kwamba kitu kizito kimegusa ardhi kidogo tu. Shingo ndiyo inayobeba tabia. Odundo ana vyungu vyenye shingo ndefu zilizoegemea upande, vingine vyenye midomo mipana iliyokatwa kwa mshazari, na mara nyingine huweka vinundu vidogo begani, vinavyokukumbusha mwili wa mtu. Tazama lakini kwamba katika chungu kimoja hafanyi yote. Shingo ikiegemea, bega hulala kimya.

Na wewe chagua jambo moja. Ukiamua mdomo ndio utakaosema, basi tumbo lisiwe na nakshi wala mistari.

Mstari ukishakukaa moyoni, ukate kwenye kadibodi kwa ukubwa kamili. Ongeza sehemu moja ya kumi juu ya kimo unachotaka, kufidia kunywea. Kisha simamisha kadibodi dirishani mchana, utazame kivuli chake kutoka mbali, na ukigeuze juu chini pia. Kasoro ambayo jicho limeizoea hujitokeza kikigeuzwa.

Kupandisha

Chukua kitako cha chungu kilichovunjika au bakuli la kina kifupi, ulitandike kitambaa. Hicho ndicho kitakachoshika chini ya chungu chako na kukuwezesha kukizungusha. Chukua bonge la udongo, lisukume katikati kwa ngumi, kisha livute pembeni kwenda juu kwa vidole vya mkono mmoja huku mwingine ukiliegemeza nje. Ukifika kimo cha sentimita 8 au 10, simama.

Baada ya hapo zinaingia kamba za udongo, nene kama kidole cha shahada. Zikiwa nyembamba kuliko hapo zinakauka kabla hujaziunga. Kwaruza ukingo, paka uji wa udongo, laza kamba kwa upande wa ndani wa ukingo ukitaka kufunga umbo, kwa upande wa nje ukitaka kulipanua. Kisha unga: ndani kwa kidole gumba ukivuta kwenda chini, nje ukivuta kwenda juu. Usiache hata sehemu moja ambapo kamba imelala tu juu ya nyingine. Moto utakuja kuifungua.

Kila kamba mbili tatu, lainisha kwa gunzi la muhindi, kisha kwa kipande cha kibuyu au kifuu ukiwa umeegemeza mkono ndani. Pandisha sentimita 8 hivi kwa mkupuo mmoja, ufunike ukingo kwa kitambaa kibichi, uache sehemu ya chini ikaze mpaka iweze kubeba mzigo. Mwenye haraka anaona tumbo likilala kama mkate ulioporomoka, na likishalala halirudi.

Wagwari huzunguka chungu kwa miguu, wakirudi kinyumenyume, chungu chenyewe kikiwa kimetulia mahali pamoja. Jaribu. Unakuwa unakiona pande zote kwa wakati wote, na mwili mzima ndio unaochora mviringo, siyo kifundo cha mkono. Kila baada ya mzunguko, leta kadibodi ubavuni uone mwanga unapita wapi.

Shingo na mdomo vifanye siku ya mwisho, na udongo mbichi kidogo kuliko wa chini. Ukuta ukimalizika uwe na unene wa milimita 7 au 8, maana bado utakwangua.

Kukwangua na kusugua

Subiri mpaka udongo umekaza: ukibonyeza kwa kidole hauzami, ila ukucha unaacha alama, na ukiweka kiganja unahisi ubaridi wa maji. Toa chungu kwenye bakuli, kwangua kwa kipande cha msumeno wa chuma, kwanza upande wenye meno kuondoa mabonde, kisha upande laini. Lenga unene wa milimita 5 na usawa kutoka chini hadi juu. Gonga kwa kucha usikilize. Penye sauti nzito bado pana unene. Hapa pia ndipo unapochonga jina lako na mwaka chini ya kitako. Chonga wazi, kwa sababu miaka 20 baadaye mtu atakitafuta.

Sugua raundi ya kwanza kwa jiwe la mtoni lililo laini, au mgongo wa kijiko cha chuma. Misuguo midogo, mwelekeo mmoja, kisha kukatisha. Jiwe likivuta udongo na kuacha michirizi, bado ni mbichi, subiri. Likitoa unga mweupe, umechelewa; nyunyiza ukungu wa maji, funika saa chache, urudie.

Sasa uji mwembamba wa kufunika uso. Huu ndio unaoleta mng'ao wa kioo, na unautengeneza wiki moja kabla. Chukua kilo moja ya udongo mwekundu mkavu uliosagwa na lita tatu za maji. Yeyusha kwanza gramu 6 za magadi soda (soda ash, si costic soda), yale ya unga wanayotumia watengeneza sabuni, kwenye maji ya uvuguvugu. Magadi yanazifanya chembe za udongo zikwepane, nzito zizame na nyepesi zielee. Changanya vyote kwenye dumu la plastiki linaloangaza ndani, uliweke mahali ambapo hakuna atakayeligusa kwa saa 20 hivi. Utaona mpaka: chini tope zito, juu yake maji yenye rangi ya udongo. Nyonya ya juu kwa mpira mwembamba bila kutikisa dumu, na tope litupe. Hayo uliyonyonya yaache wazi yapunguke mpaka yawe mazito kama maziwa.

Paka kwa brashi laini mipako miwili au mitatu myembamba, kila mmoja ukiacha wa kwanza upoteze umajimaji. Mpako mnene utabanduka kama gamba. Kisha sugua tena kwa jiwe, kipande kwa kipande, ukubwa wa kiganja kila mara, mpaka uone dirisha la chumba likijitokeza kwenye tumbo la chungu. Hii ni kazi ya saa nyingi. Kikikaribia kukauka mng'ao utafifia kidogo, kwa sababu udongo bado unanywea. Paka tone la mafuta ya kupikia kwenye kidole, upitishe juu juu, usugue mara ya mwisho. Mafuta yataungua yaondoke. Kuanzia hapo kishike kwa kitambaa safi tu, kwa kuwa hata jasho la kidole litaacha alama.

Kausha kivulini, mdomo ukiwa umefunikwa kwa plastiki siku za mwanzo kwa kuwa ndio unaokimbilia kukauka na kuvuta nyufa. Wiki mbili, tatu wakati wa masika. Gusisha chungu shavuni: kikiwa na ubaridi, maji bado yamo.

Moto

Chungu kinapasuka motoni kwa sababu mbili kubwa. Maji yaliyobaki yanachemka kwenye nyuzi 100, na mvuke ukikosa njia unarusha kipande. Na kwenye nyuzi 573 punje za mchanga zilizo ndani ya udongo hubadili umbo ghafla, zikivimba wakati wa kupanda na kunywea wakati wa kushuka. Kwa hiyo moto wako uwe wa polepole mwanzoni na usipoe kwa haraka mwishoni.

Moto wa kwanza ni wa wazi, wenye hewa nyingi, na utatoa chungu chekundu. Panga matofali ya kuchoma yawe duara au mraba, uache matundu ya hewa chini. Weka chungu juu ya vigae vitatu, ukizungushie vigae vikubwa ili kuni zisikigonge na ndimi za moto zisikilambe moja kwa moja. Anza na moto mdogo wa magunzi kwa saa tatu hivi, pembeni, si chini yake. Shika kioo kikavu juu ya mdomo wa chungu kwa koleo: kikipata ukungu, endelea na moto mdogo, kikibaki kikavu, ongeza. Kutoka hapo panda taratibu kwa kuni nyembamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Jioni ndiyo saa nzuri ya kumalizia, kwa sababu giza linakuonyesha rangi ya joto. Wekundu wa kufifia ni karibu nyuzi 600. Wekundu wa damu mbichi ni 750 hadi 800, na hapo ndipo unapotaka kukaa nusu saa. Usiende kwenye rangi ya chungwa. Ukikaribia nyuzi 1,000 uso unakaza, na mng'ao wote uliousugua unapotea. Funika kwa vigae na majivu, uache mpaka kesho.

Kikitoka chekundu na kizima, wengine huishia hapo, na si vibaya. Ukitaka kiwe cheusi, kitie kwenye debe la chuma lenye kifuniko. Lisiwe la bati lililopakwa zinki, moshi wa zinki ni sumu. Jaza maranda makavu na kinyesi cha ng'ombe kilichosagwa, ndani ya chungu na pande zote, kisha ziba kifuniko kwa udongo. Acha tundu dogo la ukubwa wa msumari ili gesi ipate pa kutokea. Washa moto kuzunguka debe mpaka liwe jekundu, ulishikilie hapo kwa saa moja. Maranda hayapati hewa ya kuungulia, kwa hiyo yananyang'anya oksijeni kutoka kwenye madini ya chuma yaliyo ndani ya udongo, na uwekundu unageuka weusi; masizi nayo yanazama kwenye vinyweleo. Moshi wa tunduni ukipungua, ziba tundu kwa udongo. Usifungue mpaka debe limepoa kiasi cha kushikika. Hewa ikiingia chungu kikiwa bado cha moto, masizi yanaungua na uso unarudi wekundu kwa mabaka. Kuna mabaka yanayopendeza sana, na Odundo mwenyewe ana vyungu vilivyochanganya rangi ya chungwa na nyeusi, lakini yawe umeyataka.

Kazi hii fanyia nje, mbali na nyumba na watoto, na usiingize plastiki wala mbao zilizopakwa dawa.

Baada ya moto

Futa majivu kwa kitambaa kikavu. Kigonge kwa kifundo cha kidole: chungu kizima hulia, chenye ufa hujibu kwa sauti iliyokufa. Chenye ufa kisiuzwe kama kizima, hata kama ufa umejificha kitakoni. Kisha paka nta ya nyuki kidogo kikiwa na uvuguvugu, usugue kwa pamba. Vanishi, hapana. Vanishi inafunika hasa kile ulichokitafuta kwa mwezi mzima.

Chungu hiki kinapitisha maji, na uso wake una masizi. Si cha kupikia wala cha kuwekea maua mabichi, na mnunuzi aelezwe hivyo.

Cheusi kinachong'aa ni kigumu kupiga picha. Zima taa na flashi, kiweke ubavuni mwa dirisha mbele ya kitambaa cha kijivu, na upande wa pili simamisha shuka jeupe lirudishe mwanga. Mstari mweupe utakaouona ubavuni mwake ndio utakaomwonyesha mtu umbo. Kwenye maonyesho, omba kisimamo ambacho kitaleta bega la chungu usawa wa macho, na nafasi ya mtu kukizunguka. Kuvipanga kumi bega kwa bega ni kuvirudisha gengeni.

Bei iwe ya kazi uliyoifanya, na uiandike kabla mteja hajafika. Weka daftari: picha, kimo, udongo ulikotoka, mwaka, moto ngapi, nani kanunua. Ukumbi wowote wa maana utakuuliza hayo. Wakati wa kusafirisha, jaza ndani karatasi laini bila kubana, kifunge kitambaa kabla ya plastiki kwa kuwa plastiki inaacha alama kwenye nta, kisha kitie kwenye boksi ndani ya boksi kubwa zaidi, na katikati yake maranda ya kutosha. Kibebwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako, kamwe si kwa shingo.